Ya Leo ama ya Kesho?

Nenda kibanda chochote cha mboga hapa Nairobi uitishe avokado. Kabla mama mboga hajainua mkono atakuuliza, "Ya leo ama ya kesho?" Ukisema ya leo, ataminya mbili tatu kwa kidole gumba akupe iliyolainika. Ukisema ya kesho, mkono utaenda upande ule mwingine, kwa zile ngumu. Hajawahi kuketi kwenye warsha ya siku tatu kule Naivasha. Hana idara ya utafiti wa soko. Lakini ameshajua kitu ambacho sisi wenye laptopu na fulana zenye nembo hatujajua mpaka leo: mtu hanunui avokado, ananunua chakula cha saa fulani, na usipouliza ni saa ngapi, utamuuzia jiwe.

Wasee, leo nimekuja na hasira. Kila wiki naona kijana mwenzangu amezindua apu. Apu ya boda, apu ya mama fua, apu ya chama, apu ya kutafuta kinyozi. Picha zinapigwa, keki inakatwa, mgeni wa heshima anasema vijana wa Kenya ni wabunifu sana. Baada ya miezi sita uliza hiyo apu iko wapi. Kimya. Halafu tunaanza: Wakenya hawapendi vitu vya kwao, serikali haitusaidii, wawekezaji wanapenda wazungu. Tunalaumu kila mtu isipokuwa wenye kosa, ambao ni sisi. Tulitengeneza kitu bila kujua ni nani anakihitaji na kwa nini.

Na kabla hujaniambia mimi ni mwenye wivu, wacha nianze na mimi mwenyewe.

Miaka mitatu iliyopita, mimi na marafiki wawili tulitengeneza apu ya mama mboga. Jina silitaji, limezikwa, liache lipumzike. Wazo lilikuwa tamu: mama mboga asiamke usiku kwenda sokoni, aagize nyanya na sukuma kwa simu, sisi tumletee hadi kibandani. Tulilibuni tukiwa kwa nyumba ya mmoja wetu, tukila chipsi, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuza kitunguu maishani mwake. Tukaingia mashindano ya mawazo ya biashara. Slaidi zetu zilikuwa safi, majaji wakapiga makofi, tukashika nafasi ya pili tukapewa hundi ya kadibodi. Hundi ya kweli ilikuwa ndogo kuliko ile kadibodi, lakini vichwa vilikuwa vimeshavimba.

Pesa iliyobaki tulitafuta wenyewe. Mathe wangu akachukua mkopo wa shilingi 60,000 kwa chama chake, kwa jina lake, mbele ya wanawake wenzake, akawaambia, "Kijana wangu anaanza kampuni." Kumbukeni hiyo 60,000, nitairudia.

Shangazi yangu ana kibanda Kayole. Mimi, kwa akili zangu zote, nilienda kwake mara moja tu kabla ya kuanza. Nikamwonyesha picha kwa simu, nikamuuliza, "Anti, tukikutengenezea hii, utaitumia?" Akanijibu, "Ni nzuri sana, baba. Mungu awabariki." Nikarudi kwa wenzangu mbio: wateja wameipenda!

Manze, shangazi yangu angejibu vipi? Mtoto wa kaka yake amekuja na macho yanang'aa, anaonyesha kitu amekesha akitengeneza. Angeniambia ni takataka? Sisi Waafrika tumelelewa tusimvunje mtu moyo. Ukimuuliza mtu mwenye adabu kama kitu chako ni kizuri, unamwomba baraka, na baraka hatakunyima. Pesa yake ndiyo atakunyima.

Apu ikatoka. Katika miezi mitano walijisajili watu 41. Walioagiza mara zaidi ya moja walikuwa watatu, na wawili kati yao ni jamaa zangu. Mmoja wa hao wawili ni shangazi, na baadaye niligundua alikuwa akiagiza kitunguu kidogo tu ili nisijisikie vibaya, kisha anaenda sokoni kama kawaida. Tukafunga.

Baada ya kufunga ndipo nilifanya jambo ambalo ningefanya mwanzo. Nilienda kukaa kwa kile kibanda wiki moja nzima. Sikwenda kama mtafiti. Nilienda kwa sababu sikuwa na kazi, na shangazi alikuwa anahitaji mtu wa kubeba.

Siku ya kwanza tuliondoka saa kumi na nusu alfajiri kwenda Muthurwa. Shangazi haendi peke yake, wanachanga nauli na wenzake wawili. Kule hanunui tu "kilo kumi za nyanya" kama apu yetu ilivyokuwa imeandika. Anachagua. Laini kidogo za kuuza leo, ngumu za kesho, ngumu kabisa za kesho kutwa. Anaziminya moja moja. Ukimletea nyanya zote zimeiva siku moja, umemletea hasara kwa gari.

Halafu nikaona hajalipa pesa yote. Yule muuzaji wake wa jumla anampa mzigo, anachukua nusu, nusu nyingine kesho. Wamejuana miaka tisa. Apu yetu ilikuwa inataka alipe yote kabla mzigo haujatoka. Yaani tulikuwa tumemnyang'anya mkopo usio na riba tukaita huo ubunifu!

Na ile safari tuliyotaka kumwondolea? Ni huko anajua bei imepanda wapi, ni huko anasikia mvua imeharibu viazi, ni huko anaamua leo asinunue hoho. Na mzigo wake saa kumi na mbili asubuhi uko kibandani. Sisi tulikuwa tunafikisha saa tatu, tukijisifu kwamba tumewahi.

Simu je? Simu ni yake asubuhi. Jioni inashikwa na mtoto wa darasa la saba. Nafasi imejaa, bando huisha kila mara, na kila apu yetu ilipotaka kusasishwa alikuwa anaogopa kubonyeza.

Sasa niambie, haya yote yalikuwa siri? Hapana. Yalikuwa pale, wazi, kila alfajiri. Tulichokosa ni kuamka.

Siku ya tano, tukifunga kibanda, nilimuuliza swali tofauti. Sikumuuliza anataka nini. Nilimuuliza, "Anti, ni nini hukunyima usingizi kwa hii biashara?" Hakufikiria hata sekunde.

"Sukuma ya jioni," akasema. "Mvua ikinyesha saa kumi na mbili, watu wanashuka stejini wanakimbia nyumbani moja kwa moja. Hakuna anasimama hapa. Kesho hiyo sukuma imekuwa ya njano. Hiyo ndiyo nauli yangu ya soko imeenda."

Hapo ndipo tatizo lilikuwa, jioni, wakati sisi tulikuwa tunajenga suluhisho la asubuhi.

Tulichofanya baadaye hakuna jaji angekipa hata kikombe cha plastiki. Tulichukua namba za wateja kumi na wawili wa karibu, wale wa ploti za jirani. Saa kumi jioni, mawingu yakionekana, shangazi anawatumia ujumbe wa kawaida: nimekata sukuma, nani nimwekee? Mtu akiwa bado kwa matatu anajibu "ya 30 na nyanya mbili." Yule wa darasa la saba anapeleka mlangoni. Gharama ni bando ya meseji ya shilingi kumi na mwavuli. Sasa hivi wateja wa meseji wamepita 30, na sukuma ya njano shangazi anaiona mara chache. Hakuna apu, hakuna nembo. Hata mimi sichukui senti, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kuuliza tu.

Najua kuna mtu tayari anasema, "Sawa, lakini hiyo haikui. Hiyo ni kibanda kimoja. Sisi tunataka kitu cha kufikia mamilioni." Haya, twende kwa mamilioni.

M-Pesa unaijua. Lakini unajua ilianza ikiwa nini? Majaribio yake ya mwaka 2005 hayakuwa ya kutumiana pesa. Wazo lilikuwa kumsaidia mtu aliyekopa kwa shirika la mikopo midogo alipe kwa simu. Safaricom na Vodafone, pamoja na shirika la mikopo la Faulu, wakaweka huduma kwa wateja mia chache na maduka machache, Nairobi na Thika. Halafu wakatazama watu wanafanya nini nayo. Upande wa mikopo ukawa mgumu, kwa sababu vikundi vilikuwa na taratibu zao za kukutana na kulipana ambazo simu ilizivuruga. Lakini watu walikuwa wameanza mambo yao. Wengine wanatumia jamaa wa mbali. Wengine wanaweka pesa kwa simu kabla ya kusafiri, wanaitoa wakifika, wasiibiwe njiani. Wengine wanalipana kati ya biashara na biashara.

Kampuni ingeweza kusema, "Nyinyi mnaitumia vibaya, rudini kwa mikopo." Haikusema hivyo. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, tangazo lilikuwa jepesi: tuma pesa nyumbani. Mikopo ikawekwa kando. Hitaji lilikuwepo zamani, waulize wazazi wako. Pesa ilikuwa ikienda mashambani ndani ya bahasha aliyopewa dereva wa basi, ama kwa mkono wa binamu anayesafiri, ukiomba Mungu asipitie baa. Na huduma ilikubali simu ya mtu ilivyo. Mulika mwizi ilitosha. Wakala alikuwa mwenye duka aliyekuwa tayari anauza kredo pale mtaani, mtu unayemjua.

Sasa sikiliza upande wa pili. Huduma hiyohiyo ilipelekwa Afrika Kusini mwaka 2010, kwa jina hilohilo, na kampuni kubwa ya simu nyuma yake. Mwaka 2016 ikafungwa. Kwani watu wa kule hawana akili? Wana akili sana. Wengi wao walikuwa na akaunti za benki na kadi tayari, shida yao haikuwa bahasha ya dereva wa basi. Bidhaa ileile, mteja mwingine, matokeo mengine. Basi tuache kusema siri ya M-Pesa ni teknolojia. Teknolojia ilipanda ndege ikafika Johannesburg salama. Kilichobaki huku ni hitaji.

Mfano mwingine uko jikoni kwenu. Lile jiko la makaa lenye udongo ndani na bati nje, lenye kiuno chembamba, lilitengenezwa miaka ya 1980. Wazo la kuweka udongo ndani lilitoka Thailand. Lakini hawakulileta lilivyo. Lilipewa kitako kipana kwa sababu huku watu wanasonga ugali, na ugali unasongwa kwa nguvu, jiko lisilo na kitako litapinduka na sufuria. Na waliolitengeneza ni mafundi walewale wa jua kali waliokuwa wakiunda majiko ya zamani ya bati. Hivyo mama alinunua kitu anachokielewa, kutoka kwa fundi anayemjua, kinachokula makaa kidogo. Zaidi ya miaka arobaini baadaye bado linauzwa Gikomba. Apu yako ina miaka mingapi?

Kuna msemo mnaupenda sana, nyinyi wa mikutano ya wabunifu. Mnasema Henry Ford alisema angewauliza watu wanachotaka, wangesema farasi wa mbio zaidi, kwa hiyo mteja hajui anachotaka. Kwanza, hakuna aliyewahi kuthibitisha kwamba Ford alisema hivyo. Pili, hata kama angesema, bado mngekuwa mmemwelewa nusu. Ni kweli, mteja hawezi kukuchorea bidhaa, si kazi yake. Lakini anajua pale panapomuuma. Yule wa farasi alikuwa anasema amechelewa kufika. Shangazi yangu hangeweza kuniambia nimtengenezee mfumo wa meseji. Aliniambia sukuma inakuwa ya njano. Ukisikia hilo halafu ukashindwa kulifanyia kazi, mjinga si yeye.

Kwa hivyo usimuulize mtu kama wazo lako ni zuri. Muulize mara ya mwisho alipatwa na hiyo shida ilikuwa lini, alifanya nini, ilimgharimu pesa ngapi. Kama hakumbuki, hiyo si shida yake, ni shida yako. Kama ameshaitafutia njia, hata ya kienyeji, hata ya bahasha na dereva, hapo kuna biashara. Tazama hiyo njia yake kwa heshima kabla ya kuicheka, kwa sababu ina sababu zake, kama ule mkopo wa miaka tisa wa shangazi.

Lakini hapa lazima niseme jambo lingine, kwa sababu kuna wajanja walioelewa somo hili vizuri kupita kiasi. Hitaji la mtu na udhaifu wa mtu si kitu kimoja. Watu walihitaji pesa ya dharura. Wakaja wakopeshaji wa apu, na wengine wao wakakupa elfu mbili kwa dakika tatu, halafu ukichelewa wanampigia bosi wako, mama mkwe wako na mchungaji. Ilifika mahali Benki Kuu ikatoa kanuni mwaka 2022 za wakopeshaji wa kidijitali, na kati ya yaliyokatazwa ni kuchukua orodha ya namba za mdaiwa ili kuwatumia watu wake ujumbe akichelewa kulipa. Fikiria, kanuni ilibidi iandikwe ya kumwambia mfanyabiashara asimwaibishe kastama wake! Hao pia watakwambia wanahudumia mahitaji ya wateja. Kipimo changu ni rahisi. Mteja akiitumia huduma yako mwaka mzima, maisha yake yamepungua mzigo ama yameongezeka mzigo? Mama mboga akikuuzia avokado mbovu leo, kesho utapita kando. Anakuhitaji urudi ukiwa mzima.

Sasa nimalizie na wale wanaohusika.

Wewe kijana mwenzangu mwenye wazo: kabla hujaandika mstari mmoja wa programu, kaa na huyo unayesema unamsaidia. Si dakika kumi na fomu ya maswali. Wiki nzima. Beba mzigo. Kama ni apu ya boda, kaa stejini na mvua ikunyeshee. Ukirudi bado unalipenda wazo lako, endelea. Wengi wenu mtarudi na wazo jingine, na litakuwa bora.

Nyinyi mnaoandaa mashindano na kutoa hundi za kadibodi: mnatuharibu. Mnatufundisha kuwapendeza majaji watano wenye suti, na majaji hawanunui sukuma ya shilingi 30. Swali lenu la kwanza liwe, "Ni nani amekulipa?" Hata kama ni shilingi hamsini. La pili, "Umekaa naye siku ngapi?" Asiyeweza kujibu, mpeni chai na mumrudishe mtaani. Mngetufanyia hivyo sisi, ningekuwa nimekasirika wiki mbili na mathe angekuwa na pesa yake.

Maana ile 60,000 haikufutwa apu ilipokufa. Chama hakijui habari ya kampuni changa kufeli, kinajua tarehe. Mathe aliilipa kwa miezi kumi na moja, kutoka kwa mshahara wake wa kufua na kupika kwa nyumba za watu. Mwezi mmoja aliuza kuku wake. Hakuwahi kuniuliza ilienda wapi, na hiyo ndiyo iliniuma kuliko angeuliza. Nimeanza kumrudishia kidogo kidogo, na kila nikimtumia ananiambia, "Wewe tafuta kwanza, baba, mimi niko sawa."

Tukisema kampuni changa hufeli na ni kawaida, tukumbuke kuna mtu analipa hiyo kawaida. Mara nyingi si wewe mwenye slaidi.

Jana nilipitia kwa shangazi kununua avokado. Ananijua tangu nizaliwe, anajua hata ninavyopenda chai yangu. Lakini bado aliniuliza, "Ya leo ama ya kesho?"